Usiioshe, iandike kwanza: kutunza michoro na sanaa ya zamani katika shule za Lubumbashi

Mwezi wa nane hapa Lubumbashi kalasi ziko tupu, vumbi jekundu limelala kwenye kila dirisha, na ndoo za rangi zinaanza kuingia shuleni. Komite ya wazazi imechanga, papa prefe, mkuu wa shule ya sekondari, anataka watoto warudi mwezi wa tisa wakute kuta zinang'aa. Nia ni njema. Lakini kwa ninavyoona mimi, wiki hizo za usafi zimetuondolea sanaa nyingi kuliko wezi na mchwa wakiwekwa pamoja.

Nilikuwepo siku moja katika shule fulani ya serikali wakati mchoro wa ndege wa majini, wenye umri wa kuzidi miaka hamsini, ulipokuwa unasuguliwa kwa sabuni ya unga na brashi ya kufulia. Mgeni mkubwa alikuwa anatarajiwa. Wanafunzi walifanya kazi kwa bidii kweli, na maji yaliyokuwa yakitiririka sakafuni yalikuwa ya buluu na kijani. Rangi ile ilikuwa guashi, rangi nzito ya kuchanganywa na maji. Guashi huyeyuka kwa maji siku ya kwanza, na huyeyuka hata baada ya nusu karne. Mgeni alipofika alikuta fremu safi na karatasi yenye madoa.

Mwongozo huu nawaandikia maprefe, madirekta wa shule za msingi, walimu wa historia na wa kuchora, wazazi wa komite, na sentineli, yaani mlinzi, anayelala na funguo. Hakuna ndani yake kazi inayohitaji maabara. Kazi zinazohitaji fundi nimezitaja ili mjue mahali pa kusimama.

Kwanza, mjue mnachoweza kuwa nacho

Shule nyingi za mji huu zilijengwa wakati wa ukoloni au miaka michache baada ya uhuru, na mji wenyewe ulikuwa na wachoraji. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa, wakati mji bado unaitwa Elisabethville, karakana iliyojulikana kama Hangar. Ndipo walipotokea Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela. Mwaka 1951 Laurent Moonens akaanzisha chuo cha sanaa, na Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, Pilipili na Mwenze waliendelea huko wakifundisha. Vijana waliopita mikononi mwao walitawanyika mjini, na kazi zao zikaingia majumbani, maofisini na mashuleni.

Inafaa kujua mikono yao, maana mchoro mwingi wa shule hauna jina linalosomeka. Pilipili alipenda samaki, ndege, nyoka na majani, na nyuma yao akajaza nukta na mistari midogo mpaka karatasi haina nafasi tupu. Mwenze alijenga watu na wanyama kwa vijistari vifupi vilivyopangwa kama ufumaji wa mkeka. Bela alichovya ncha za vidole vyake kwenye rangi na kugusa, nukta baada ya nukta. Wanafunzi na waigaji waliwafuata wote watatu, kwa hiyo kufanana si ushahidi wa jina. Ni sababu ya kutosha tu ya kutoweka ndoo ya maji karibu.

Halafu ikaja michoro ya miaka ya 1970, ile iliyochorwa juu ya kitambaa cha mifuko ya bunga (unga): Mamba Muntu, yaani nguva, Lumumba, askari wa Colonie Belge, koloni la Ubelgiji, akimchapa mfungwa. Watu wa mji huu walikuwa na neno lao kwa picha kama hizo, ukumbusho. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947, alichora historia nzima ya nchi katika picha zaidi ya mia moja, na picha hizo leo zinatunzwa Amsterdam. Naumia nikikumbuka hilo, na ndiyo maana kila turubai la mfuko wa bunga lililobaki kwenye ofisi ya shule katika mitaa yetu ya Katuba au Kenya lina uzito kwangu.

Ongeza hapo sahani na picha za shaba iliyofuliwa kwa nyundo, vitu vya malakiti (jiwe la kijani), vinyago vya mbao, ramani za zamani za kuchorwa kwa mkono, na michoro ya ukutani kwenye kumbi za sherehe. Hivyo vyote ni sehemu ya kazi yenu.

Hatua ya 1: Zungukeni shule yote, pamoja na depo (stoo)

Msianzie ofisini kwa prefe, maana vilivyoko huko vinajulikana. Anzieni depo, nyuma ya jukwaa la ukumbi, juu ya makabati, kwenye chumba cha viti vibovu. Na ulizeni wazee. Sentineli mmoja wa miaka mingi aliniambia, "Papa, mu depo muko bitu bya zamani, tulibifunikaka na baashi." Chini ya turubai lile la plastiki mlikuwa na picha nne, mbili zikiwa zimeota ukungu kwa sababu ya turubai lenyewe, lililofungia unyevu wa mvua ndani.

Vaeni maski na glavu mkiingia depo. Vumbi la panya si la kuvuta, na vitu vya kienyeji vilivyokusanywa wakati wa ukoloni mara nyingi vilipuliziwa sumu kali dhidi ya wadudu, hata aseniki. Mkikuta unga mweupe kwenye kinyago cha zamani, msiupulize wala msiwape watoto wakishike. Na kama dari au paa ni la eterniti ya zamani, msilitoboe wala kulivunja mkitafuta nafasi ya kutundika. Vumbi lake lina asbesto na linaua mapafu taratibu.

Katika mzunguko huu msihamishe kitu isipokuwa kilicho chini ya tone la maji. Hesabuni tu, na kila kitu kibaki kilipo mpaka hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Pigeni picha, mwandike, mkipe namba

Hii ndiyo hatua ambayo, kama mtafanya moja tu katika mwongozo wote, naomba iwe hii. Kitu kisichoandikwa hakina mtetezi. Kikiibwa, polisi watawauliza kilikuwaje, nanyi mtaanza kuonyesha kwa mikono.

Simu ya kawaida inatosha. Msikiweke kitu kwenye jua kali, kiwekeni kivulini penye mwanga wa kutosha, kisha mpige picha ya mbele yote, ya nyuma yote, ya sahihi au maandishi yoyote, na ya kila jeraha kwa karibu. Wekeni rula pembeni ili ukubwa uonekane. Kisha fungeni mapazia, mwashe tochi ya simu na kuishika ubavuni mwa mchoro, mwanga ukilala juu yake kama jua la saa kumi na mbili. Hapo mtaona kila mahali rangi iliponyanyuka na kitambaa kilipolegea, mambo ambayo jicho halikuyaona mchana.

Nyuma ya mchoro ni hazina. Kibandiko cha duka la fremu, bei iliyoandikwa kwa penseli, jina la aliyeutoa zawadi, mwaka. Nimewahi kuona fundi wa fremu akiondoa karatasi ya nyuma na kuitupa kwa sababu "ilikuwa imechakaa". Msimpe fundi yeyote kitu kabla ya kupiga picha ya mgongo wake.

Mwandike nini? Mwaka 1997 wataalamu wa makumbusho na polisi wa nchi nyingi walikubaliana orodha fupi ambayo hata Interpol, polisi wa kimataifa, wanaitumia, nanyi mnaweza kuifuata kwenye daftari la kawaida: ni kitu gani, kimetengenezwa kwa nini, urefu, upana na unene kwa sentimita, maandishi na sahihi, alama za kukitofautisha na kingine kama hicho, jina la kazi kama lipo, kinaonyesha nini, kilifanywa lini, na nani. Msipojua mwaka au mtengenezaji, acheni wazi. Usijaze "Pilipili" kwa kuwa kuna samaki. Jina la uongo kwenye daftari litazeeka na kugeuka kuwa kweli, na siku mtu akitaka kununua au kukopa, uongo huo utawaletea aibu.

Ongezeni safu ya hali yake ya leo, kwa maneno mafupi yasiyobadilika: ufa, kubanduka, ukungu, doa la maji, tundu, fremu imelegea. Mwakani mtu mwingine akisoma "ufa sm 4 kona ya juu kushoto" ataweza kupima kama umeongezeka.

Namba iandikwe kwa penseli laini nyuma ya fremu au pembeni ya karatasi kwa nyuma, kamwe si kwa biki na kamwe si mbele. Kwa kinyago au sahani, fungeni kikaratasi kwa uzi wa pamba. Nakala moja ya daftari ibaki shuleni, moja ipelekwe kwa ofisi inayosimamia shule, na picha zote mzihifadhi mahali pawili. Mkimwalika mtu wa Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi aje kuangalia orodha yenu, atakuja na jicho ambalo ninyi hamna. Na kazi yake itakuwa fupi kama daftari liko tayari.

Hatua ya 3: Kitu kikae mahali gani

Mji wetu una hali mbili. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu au wa nne mvua inanyesha na hewa inalowa. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa hakunyeshi kabisa, usiku wa mwezi wa sita na wa saba una baridi, na midomo inapasuka. Mbao, karatasi na kitambaa vinafanya kama midomo hiyo: vinavimba na kusinyaa. Rangi iliyokauka juu yake haiwezi kufuata, ndiyo maana inapasuka na kubanduka. Hamna kiyoyozi, na hata mngekuwa nacho umeme unakatika, na kiyoyozi cha kuwaka na kuzima ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Kazi yenu ni kupunguza ukali wa mabadiliko hayo, na chumba chenye kuta nene upande wa ndani wa jengo kinafanya hivyo bila gharama.

Kwa hiyo: msitundike kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, wala ukuta wenye choo au bomba upande wa pili. Msitundike juu ya mahali pa kupikia chai. Nyuma ya fremu, kwenye kona zake nne, gundisheni vipande vya kizibo cha chupa ili hewa ipite kati ya mchoro na ukuta. Sentimita moja inatosha. Kila mwaka mwezi wa kumi, kabla ya mvua ya kwanza kubwa, pandeni juu muangalie manjanja (mabati) na mifereji. Misumari ya paa iliyolegea ni adui wa sanaa kuliko jambo lolote nililolitaja hadi sasa, na ni kazi ya nusu siku ya fundi mmoja.

Mwanga nao unakula rangi, na ulichokula hakirudishwi. Kazi za karatasi, guashi, rangi ya maji na picha za kamera zisipate zaidi ya luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Michoro ya mafuta inavumilia kama luksi 200. Kuna programu za simu za kupima luksi, hazina usahihi mkubwa lakini zitawaonyesha kwamba meza iliyo kando ya dirisha letu la mchana inapata maelfu. Pazia zito la kitenge ni dawa nzuri. Kama shule ina mchoro mmoja wa thamani wa karatasi, uonyesheni siku za sherehe, na siku nyingine tundikeni nakala ya rangi iliyopigwa vizuri. Watoto watajifunza kutoka kwenye nakala, na mchoro wenyewe utapumzika gizani.

Hatua ya 4: Vumbi

Vumbi la kiangazi chetu si la kupuuzwa. Ni kali kama msasa, lina chuma ndani yake, na likilowa linakuwa tope jekundu ambalo halitoki. Kwa hiyo lazima litolewe likiwa kavu.

Chukueni brashi pana ya manyoya laini, mpya, ambayo haijagusa rangi. Kabla ya kuanza, angalieni kwa tochi ya ubavuni: pakiwa na sehemu rangi imenyanyuka kama magamba ya samaki, simameni hapo hapo, mchoro huo haufutwi na mtu wa shule. Pasipokuwa na magamba, simamisheni mchoro umeinama kidogo mbele ili vumbi lianguke, mpitishe brashi taratibu toka juu kwenda chini, bila kukandamiza. Mara moja kwa mwaka inatosha, mwisho wa kiangazi.

Visivyoruhusiwa kugusa mchoro ni hivi, na kila kimoja nimewahi kukisikia kikisifiwa: maji, sabuni, mate, kitunguu, kiazi kilichokatwa, mkate, mafuta ya mawese au ya kupikia, petroli, na vanishi ya samani. Mafuta yanafanya picha ing'ae wiki mbili, ndiyo maana yana sifa. Baadaye yanageuka manjano, yananata, na vumbi lote la mwaka linakaa juu yake.

Hatua ya 5: Shaba na malakiti, vitu vyetu vya nyumbani

Hapa nitakaa kidogo, maana Lubumbashi bila shaba si Lubumbashi, na tunadhani tunaijua.

Mama yeyote mjini atakuambia shaba inasafishwa kwa ndimu na majivu. Ni kweli, inang'aa. Inang'aa kwa sababu ndimu imekula ngozi ya juu, na majivu yameisugua. Sahani ya kulia mnaweza kuifanya hivyo. Picha ya shaba iliyofuliwa kwa nyundo, yenye mistari ya wachimbaji au ya mwanamke anayetwanga, kila usafishaji unaondoa kidogo ya ule mstari, na baada ya miaka ishirini uso wa mtu umekuwa laini kama kijiko. Rangi ya kahawia inayoivaa shaba ni nguo yake. Iacheni.

Ishikeni kwa glavu. Jasho la vidole lina chumvi, na alama ya kidole kwenye shaba inaweza kubaki milele. Ifuteni kwa kitambaa kikavu cha pamba. Kama mkiona vidoa vya kijani kibichi vinavyotoa unga, vikirudi kila mkivifuta, kitengeni kitu hicho na vingine, kwenye chumba kikavu kuliko vyote, kisha mtafute mtaalamu. Ni ugonjwa wa chumvi ndani ya metali, unachochewa na unyevu. Mji wetu umeishi miaka mingi chini ya moshi wa bomba kubwa la kiwanda cha shaba, na gesi ya salfa ikikutana na unyevu inaila shaba, na inakula hata lipu ya chokaa. Shule zilizo upande ulikokuwa unaelekea moshi zina sababu ya ziada ya kufunika vitu vyao.

Malakiti inaonekana ngumu kwa sababu ni jiwe, lakini ni laini kuliko kisu, na ni kaboneti ya shaba: tone la ndimu au siki linaitoboa kwa mapovu. Msiipake kiwi wala msiisugue kwa mchanga. Kitambaa kikavu, basi.

Hatua ya 6: Mchoro ulio ukutani

Hauwezi kubebwa, hauwezi kufichwa, na ndio wa kwanza kufunikwa na rangi mpya. Nataka prefe asome sehemu hii kabla ya kununua ndoo.

Wamarekani walilipitia jambo hili. Katika miaka ya shida ya uchumi, kati ya 1935 na 1943, serikali yao iliwalipa wachoraji wasiokuwa na kazi wachore kwenye majengo ya umma, zikiwemo shule nyingi za Chicago. Katika shule moja ya wasichana huko, Edward Millman alichora mwaka 1940 kuta za wanawake mashuhuri wa nchi yake. Mwaka uliofuata, viongozi wa elimu wakaamuru zipakwe rangi juu. Zilikaa chini ya rangi hiyo kama miaka hamsini, hadi miaka ya 1990 mafundi walipozifunua. Ukisikia hivyo unaweza kudhani basi hata sisi tukipaka, wajukuu watafunua. Hapana. Michoro ile ya Millman iliingizwa kwenye lipu mbichi, rangi na ukuta vikakauka kuwa kitu kimoja. Mingi ya kwetu imepakwa juu ya ukuta uliokwisha kukauka, kwa rangi ya mafuta au ya maji ya dukani. Anayejaribu kuondoa rangi ya juu ataondoa na ya chini.

Basi, kabla ya ukarabati wowote wa ukumbi au korido:

Pigeni picha ukuta wote kwa vipande, kila kipande kikiingia kidogo ndani ya kingine, rula ikiwepo. Hata kama baadaye ukuta utabomoka, kumbukumbu ipo.

Andikeni kwenye mkataba wa fundi wa rangi, kwa maneno, kwamba ukuta fulani hauguswi, wala kusuguliwa msasa, wala kuwekewa selotepu. Bandikeni karatasi kwenye mlango, si kwenye mchoro. Siku za kazi funikeni mchoro kwa shuka lililotundikwa kutoka kwenye kamba, lisigusane nao, na mlitoe jioni ili ukuta upumue.

Tazameni chini ya ukuta. Rangi ikivimba na kumwaga unga mweupe kuanzia sakafuni hadi kimo cha goti, maji yanapanda kutoka ardhini na kuleta chumvi. Fundi wa mtaani atataka kugonga na kupiga saruji. Mkataeni. Saruji inafungia maji, nayo yanapanda juu zaidi, mpaka kwenye mchoro. Tibuni chanzo nje: sogezeni udongo uliopanda ukutani, chimbeni mfereji wa maji ya mvua, ondoeni maua yanayomwagiliwa pale. Ukuta utakauka wenyewe, polepole, msimu mzima wa kiangazi au zaidi.

Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, kalasi zetu zimejaa, na madawati yanasukumwa hadi ukutani. Mabega na migongo ya viti inafuta mchoro kila siku. Ubao mmoja wa kuzuia, uliofungwa sakafuni umbali wa hatua moja kutoka ukutani, unaokoa mchoro kuliko vanishi ya aina yoyote. Msipigilie msumari ndani ya mchoro, hata wa kalenda. Hata wa picha ya mkuu wa nchi.

Na watoto waambieni ni kitu gani. Mtoto aliyesimuliwa kwamba yule mvuvi ukutani alichorwa na kijana wa mtaa wa Kamalondo hatachora jina lake juu yake.

Hatua ya 7: Mchwa, mende, ukungu

Mchwa hawatangazi ujio wao. Angalieni njia zao za udongo kwenye kuta na miguu ya makabati, kila wiki wakati wa mvua. Hakuna kitu kukaa sakafuni. Rafu ianzie angalau sentimita kumi na tano juu, isiguse ukuta. Unga mdogo wa mbao chini ya kinyago maana yake kuna mdudu ndani, akila. Kifungeni kinyago hicho kwenye plastiki, peke yake, mbali na vingine. Kwa mbao isiyopakwa rangi, friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili inaua wadudu, lakini umeme ukikatika katikati, wanazoea na kuishi. Ambaye hana umeme wa uhakika asijaribu. Msipulizie dawa ya mbu juu ya sanaa.

Kwa kufunikia tumieni amerikani iliyofuliwa na kuchemshwa mara mbili ili wanga utoke, maana mende wanapenda wanga. Gazeti lina asidi na wino. Mfuko wa plastiki unatoa jasho. Turubai la mfuko wa bunga likibidi kukunjwa, lisikunjwe kama shuka; lizungusheni kwenye bomba pana, sentimita kumi na tano au zaidi, na upande wa rangi uwe nje. Watu wengi huuweka ndani wakidhani wanaulinda, rangi inabanwa na kukatika.

Hatua ya 8: Maji yakiingia

Mvua ya usiku imevuja, asubuhi mmekuta mchoro umelowa. Ulazeni juu ya meza, uso ukitazama juu. Ondoeni fremu na kioo ikiwa tu havijashikana na rangi. Wekeni karatasi ya kunyonya au kitambaa chini, mbadilishe kila saa. Fungueni madirisha. Msianike juani, msielekeze feni kwenye mchoro, msipige pasi. Karatasi zilizoshikana msizitenganishe kwa nguvu. Ukungu ukiota, subirini ukauke kabisa, kisha nje ya jengo, mmevaa maski, mfute kwa brashi laini upande wa nyuma tu, na ule wa mbele mwachieni mtu wa makumbusho.

Hatua ya 9: Nani anaweza kukitoa

Kitu cha shule ya serikali ni mali ya watu wote, si cha prefe wala cha komite. Nchi yetu ina sheria ya ulinzi wa mali za utamaduni, namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971. Ikitokea mtu amekuja na gari zuri, anasema anataka "kukopa" mchoro kwa maonyesho au kuubadilisha na kompyuta tatu, mwambieni kwa heshima aandike barua, mngoje jibu la ofisi ya juu pamoja na makumbusho. Wakopaji wa kweli hawaogopi barua. Wanaandika tarehe ya kurudisha, wanapiga picha hali ya kitu, wanasaini.

Funguo za chumba zisizidi mbili, na daftari la kuingia liwepo hata kama chumba ni kabati tu.

Mwisho kuna siku ambayo vitu vingi hupotelea: siku prefe mpya anapopokea shule. Katika remizi-reprizi yetu, yaani makabidhiano, huhesabiwa madawati, ubao, mihuri na deni. Wekeni daftari la sanaa juu ya meza siku hiyo. Anayeondoka na anayeingia watembee pamoja, kitu kwa kitu, wakilinganisha na picha, na wasaini chini ya kila ukurasa, sentineli akiwa shahidi wa tatu. Kwa shule yenye vitu ishirini inachukua asubuhi moja. Kama mchoro namba 7 haupo, iandikwe "haupo" siku hiyo hiyo, na tarehe yake.